Barua kwa mwanangu: kalkulasi au takwimu

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma mara mbili: mjukuu wangu akiacha kalkulasi, ile hesabu ya juu, mwakani, achukue takwimu, vyuo vya Marekani vitamkataa?

Wewe waniuliza somo, mimi naona tarehe. Wanaowahi hutuma maombi Novemba mosi, wengine Januari mwanzoni, na alama za darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, bado hazijatoka. Chuo huona orodha ya masomo tu, pamoja na fomu ya mshauri wa shule, ambayo humtaka aseme ratiba ya mtoto ina uzito gani ukilinganisha na masomo yanayotolewa palepale shuleni. Baadaye hufuata ripoti ya katikati ya mwaka, na kiangazi transkripti ya mwisho, yaani orodha rasmi ya masomo na alama. Ratiba ni ahadi, nimekwambia tangu uko darasa la 9.

Kaka yako alinisikia? Kakubaliwa Desemba, Januari akaacha fizikia akachukua upigaji picha, eti apumue. Chuo hakukiarifu. Barua ikaja Julai, shuka na taa ya meza tumeshanunua: aeleze kwa maandishi kwa nini amebadili masomo. Aya tatu zilimchukua siku nne, chakula hakipiti. Walimpokea, sawa, lakini zile shuka zilibaki ndani ya mfuko wa dukani hadi Agosti, nikipita naangalia pembeni.

Labda nilimkazia mno. Fizikia ilimtesa kweli, na barua pepe ya mistari miwili kabla ya kuacha huenda ingetosha. Lakini ahadi ni ahadi, bwana!

Haya, turudi kwa binti yako. Akitaka uhandisi, kalkulasi ataikuta chuoni muhula wa kwanza, na asiyeigusa huanza nyuma ya wenzake. Akitaka saikolojia au sosholojia, AP ya takwimu, yaani kozi ya kiwango cha chuo inayosomwa sekondari, ni somo la heshima. Kibaya ni kuacha hesabu kabisa. Na msidanganyike na Chuo Kikuu cha California kwa kuwa wastani wa alama wanaoutazama hutokana na darasa la 10 na la 11: masomo ya la 12 huorodheshwa kwenye maombi, na D moja yaweza kuponza nafasi aliyokwisha kupewa.

Siamui mimi, mmenikanya vya kutosha. Ila prikalkulasi, somo la kumwandaa kwa kalkulasi, alipata B mihula yote miwili, na ule wa pili nusu yake alikuwa na homa. Aonane na mshauri wiki ya kwanza ya masomo. Akichelewa kubadili, shule nyingi humwandikia W, alama ya kujitoa somoni, kwenye transkripti.

Baba yako