Karnivali ya Barranquilla haina tarehe moja ya kudumu

Ukijiuliza kama karnivali hii ya mji wa Barranquilla, Colombia, huanza kila tarehe 14 Februari: hapana. Mwaka 2026 ilitokea tu kuanza siku hiyo. Huanza Jumamosi na kuisha Jumanne, mkesha wa Jumatano ya Majivu, kwa hiyo husogea kufuatana na Pasaka. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, basi hesabu 6 hadi 9. Tazama kalenda ya Kwaresima kabla hujakata tiketi ya ndege.

Kama una siku moja tu, chukua Jumamosi: ndiyo siku ya Batalla de Flores, gwaride la magari ya maua lililoanza 1903, linalopita barabara ya Vía 40. Ila mimi ningekushauri ubaki hadi Jumapili, kwenye Gran Parada de Tradición, yaani gwaride kuu la mila. Hapo utaona ngoma za asili zenyewe, ikiwemo ile inayoitwa Congo, wachezaji wamevaa vilemba virefu vya maua vyenye mkia wa utepe unaoshuka mgongoni. Asili yake ni vyama vya Waafrika waliopelekwa utumwani Cartagena, na jina hilo halikutoka hewani. Kwa mtu wa kwetu, ni jambo la kugusa moyo sana. UNESCO iliitambua karnivali hii mwaka 2003.

Angalizo: mji uko mdomoni mwa mto Magdalena, si mji wa ufukweni. Ukitaka kuogelea baharini, nenda Puerto Colombia, ni karibu.