Re: Besiboli ina utamu gani?
Mkuu umeuliza tunaokesha kuangalia besiboli huku Mwanza tunapata utamu gani wakati mechi haina hata muda maalum kama dakika 90 za soka. Utamu ndo huohuo, hakuna saa ya kukuokoa, ukiongoza huwezi kupaki basi, lazima uwatoe wapinzani wanaopiga mpira mara 27, mmoja mmoja, ndo mechi iishe, mi naangalia hapa Kirumba usiku watoto wamelala, TV nimezima sauti, rumba iko kwenye hedifoni, raha tupu. Halafu siasa imo humohumo, Jackie Robinson, mchezaji mweusi, anaingia timu ya Brooklyn Dodgers 1947 wakati weusi walikuwa wamefungiwa ligi kuu za besiboli Marekani zaidi ya miaka 50, sheria ya haki za kiraia Marekani imekuja 1964, miaka 17 baadae! Jezi yake namba 42 imestaafishwa timu zote za ligi kuu tangu 1997, yaani haipewi tena mchezaji mpya, na hiyo inanigusa sana aisee.