Maswali ya Wasomaji: Jiko la mkaa chumbani kwa mzazi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nimejifungua wiki 3 zilizopita na ninaishi kwa mama mkwe wangu hapa Kasulu. Kwa kuwa Julai hii baridi ya usiku ni kali, mama huniletea jiko la mkaa chumbani ili mimi na kichanga tupate joto, na husisitiza nifunge mlango na dirisha. Mkaa wenyewe hautoi moshi. Hata hivyo, nikiamka kichwa huniuma na moyo hunichafuka, lakini nikikaa uani kwa muda hali hiyo huisha. Je, ni uchovu wa uzazi au ni jiko? Nikilikataa, naogopa mama ataona nimedharau malezi yake.
Mzazi, Kasulu

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kujifungua. Nakuomba kwanza jambo moja: usiku wa leo jiko hilo lisiingie chumbani kwenu. Kichwa kinachouma ukiwa ndani na kupoa ukitoka uani ni dalili inayojulikana ya sumu ya gesi iitwayo kaboni monoksaidi, kwani uchovu wa uzazi ungekufuata hata uani. Mpeleke mtoto kituo cha afya nawe upimwe, na umweleze mhudumu waziwazi kwamba mmekuwa mkilala na jiko la mkaa, maana asipolijua hilo, anaweza kudhani ni malaria.

Mkaa hauna moshi mwingi kwa sababu sehemu kubwa ya moshi wake ilikwisha kutoka porini, kwenye tanuri, mti ulipokuwa ukichomwa. Kilichobaki ni kaboni, na kaboni ikiungua mahali penye hewa haba hutoa gesi hiyo kwa wingi, kuliko hata kuni zinazowaka kwa miali. Gesi yenyewe haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho, ndiyo maana aliyelala haamshwi nayo. Ikiingia kwenye damu, hushikamana na himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa oksijeni ilhali mtu anaendelea kupumua. Kichanga hupumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo huathirika mapema, naye hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 10 za gesi hiyo katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa muda wa saa 8, ambazo ndizo saa za usiku mmoja wa kulala. Jiko la mkaa katika chumba kidogo kilichofungwa linaweza kupita kikomo hicho kwa mbali. Kufukia makaa kwa majivu hakusaidii, kwa kuwa makaa yanayofukuta taratibu huendelea kuitoa, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Wapo pia wanaoamini kwamba aliyelewa mkaa akinyweshwa maziwa atapona. Maziwa hayaondoi gesi kwenye damu; anayeonekana kulegea atolewe nje mara moja na kukimbizwa hospitali, ambako hupewa oksijeni.

Kuhusu mama mkwe, sioni kwamba anakosea nia. Mzazi na mtoto wanahitaji joto kweli, naye analitoa kwa njia aliyoikuta. Mwombe jiko libaki uani, lichemshe maji ya chupa ya chai na ya chupa nyingine itakayofungwa kwa kitambaa kizito ili ipashe kitanda moto, kisha iondolewe kabla ya kumlaza mtoto. Mvike mtoto kofia na soksi, na ukiwa macho umweke kifuani ngozi kwa ngozi, mkiwa mmefunikwa khanga na blanketi. Ingefaa aongozane nawe kituoni asikie mwenyewe kwa mhudumu, kwani neno la muuguzi halitaonekana kama la mkwe anayembishia mkubwa wake.

SWALI: Sisi tunapikia kuni, na moshi ni mwingi mno. Mke wangu huziwashia mifuko ya plastiki huku amembeba mtoto mgongoni. Tufanye nini?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Acheni plastiki leo, ndugu yangu, kwa kuwa moshi wake una sumu ambazo kuni peke yake hazina, majani makavu na vijiti vinatosha. Kuni zipasuliwe na kuanikwa juani, kisha zihifadhiwe mahali pasipofika mvua, kwa sababu kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji na hivyo kufuka badala ya kuwaka. Ndani ya moshi huo mna chembechembe ndogo kuliko mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kumweka mtoto mdogo katika hatari ya nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mkiweza kununua mtungi wa gesi, hata wa kupikia chai na uji tu, mtapunguza sana moshi huo. Kwa sasa, pikieni mahali penye upepo, na mtoto abebwe na mtu mwingine, mbali na mafiga.