Bia nyeusi kali kwa maji ya Dodoma

Ukisema Dodoma kwamba unatengeneza kinywaji nyumbani, kila mtu anadhani ni mvinyo. Zabibu nimewaachia wenye mashamba. Mimi napika stauti, bia nyeusi tii, nzito, ya kunywa glasi moja taratibu.

Nianze na maji. Haya ya visima vya Mzakwe mnayajua: birika halimalizi mwezi bila kuota ukoko mweupe ndani. Nilipojaribu bia ya njano yaliniharibia, ikawa na ukakasi. Kwenye nyeusi ni kinyume. Nafaka iliyokaangwa ikawa nyeusi ina uchachu wake, na maji magumu yanaupunguza makali. Kwa hiyo acha kununua maji ya chupa. Kinga ya bomba jioni, yaache wazi hadi asubuhi harufu ya dawa itoke.

Shayiri, nafaka ya kawaida ya bia, hapa ni ya kutafuta kwa tochi, ndiyo maana natumia mtama. Kwa lita 10 naweka kimea cha mtama, yaani mtama uliooteshwa, kilo 4, mtama wa kukaanga nusu kilo, sukari guru nusu kilo na hopsi, maua makavu ya kutia uchungu, gramu 25 za kuagiza. Kimea wapika pombe wote wanakijua: unaloweka siku nzima, unafunika kwa gunia siku tatu au nne, unaanika. Kikishakauka sugua mizizi na machipukizi, upepete yatoke yote. Usivivie hapo, chipukizi la mtama lina sumu.

Kwenye kukaanga ndiko bia inakozaliwa. Kikaango kizito, mkaa kidogo, mwiko hautulii. Mwanzo inanukia bisi, baadaye mkate, halafu kahawa. Ipua kwenye kahawa. Ukingoja moshi umepata majivu. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alichungulia dirishani. "Mwanangu, mbona unaunguza chakula?" Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. "Haya baba," akasema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Mtama una ukaidi mmoja: wanga wake haulainiki kwa joto lile la shayiri, na ukiupika moja kwa moja unaua nguvu ya kimea. Koroga kimea kilichosagwa kwenye maji ya uvuguvugu, kiache kitulie, chota maji ya juu, ndiyo yenye nguvu hiyo, uyaweke pembeni. Tope la chini pamoja na mtama wa kukaanga pika kama uji. Ukishapoa hadi nyuzi 65 hivi, rudisha yale maji, funika saa moja. Utaona uji uliokuwa unashika mwiko umelegea kama maziwa, na ukionja ni mtamu. Hiyo ni togwa. Chuja, tia sukari guru na hopsi, chemsha saa nzima, poza haraka.

Ikishapoa tia hamira, nayo nunua ya bia. Ya mandazi inachachua, ila inaacha ladha ya unga.

Adui wa Dodoma ni joto. Bia yangu ya Novemba ilinuka rangi ya kucha, nikaimwaga. Siku hizi napika Juni na Julai, na ndoo naikalisha kwenye beseni la maji nikiizungushia khanga iliyolowa. Hewa yetu kavu inafanya kazi ya friji. Shikilia nyuzi 20 hadi 22.

Sasa kosa langu kubwa. Siku ya sita povu lilikuwa limekatika, nikajaza chupa. Usiku wa tatu, saa nane, nikasikia mlio nikadhani mtu anavunja mlango. Ilikuwa chupa. Kabla sijawasha taa ikafuata ya pili, na dari ya stoo mpaka leo ina madoa. Povu kukatika si kuiva. Nunua haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki: bia yangu ya mwisho ilianza 1.074, ikagota 1.019 siku tatu mfululizo, yaani kilevi asilimia 7 hivi. Hapo ndipo nikatia sukari ya kuleta gesi, gramu 6 kwa lita, na kufunga. Chupa ziwe za bia, za kahawia, ndani ya kreti iliyofunikwa blanketi.

Ukitaka kuuza, hiyo ni habari ya leseni. Mimi ni ya kwangu na wageni.

Baada ya miezi miwili nilimpelekea mama mwenye nyumba glasi. Akanusa, akaonja, akaitazama kwenye mwanga. "Kahawa yenye kilevi," akasema, na glasi hakuirudisha.