Nilisimamishwa huduma kwa sababu ya Krismasi: soma hapa kabla hujamhukumu mwenzako

Wiki hii nimepokea ujumbe wa binti mmoja aliyeokoka karibuni. Kanisa analosali linafundisha kwamba Krismasi, Kwaresima na Ijumaa Kuu ni mapokeo ya wanadamu, na kwamba anayezishika anaabudu sanamu. Wazazi wake wamezishika tangu ujana wao. Anauliza: akienda nao ibada ya Krismasi, atakuwa amemkosea Mungu?

Swali hilo limenigusa, maana liliwahi kunigharimu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa lenye msimamo huohuo. Nililipenda, na mpaka leo nawashukuru kwa kunifundisha kusoma Biblia kwa makini. Mwaka mmoja mama yangu alikuwa mgonjwa, akaniomba nimpeleke kanisani kwake siku ya Krismasi. Nikampeleka. Tulipofika nikaombwa kusoma somo, nikasoma Luka 2. Basi. Jumapili iliyofuata nikaitwa mbele ya wazee wa kanisa, nikaambiwa nimeshiriki meza ya mashetani, nikasimamishwa huduma mpaka nitakapotubu hadharani. Hakuna aliyeniuliza mama anaendeleaje. Nimewasamehe, lakini hilo sijalisahau.

Hoja zao hazikuwa dhaifu. Walinisomea Kumbukumbu la Torati 12:32, tusiongeze wala tusipunguze neno la Mungu. Wakanisomea na 1 Wafalme 12, mfalme Yeroboamu wa Israeli alivyojitungia sikukuu katika mwezi wa nane, mwezi alioufikiria moyoni mwake mwenyewe. Nilikwenda nyumbani nikafunga na kuomba, nikasoma kila mahali Biblia inapotaja siku na sikukuu. Nilichokipata ndicho ninachokiandika hapa, na nimekisimamia tangu wakati huo.

Esta 9 inaeleza Purimu. Sikukuu hiyo haimo katika orodha ya Walawi 23. Musa hakuiamuru, wala hatusomi kwamba nabii fulani alitumwa kuitangaza. Mordekai aliandika barua, Wayahudi wakakubali kuishika tarehe 14 na 15 za mwezi wa Adari, wakiukumbuka wokovu wao. Hakuna aliyekemewa. Yeroboamu je? Yeye alitengeneza ndama wa dhahabu Betheli na Dani ili watu wasiende Yerusalemu, na sikukuu yake iliwatumikia ndama wale. Kumweka mtu anayesoma Luka 2 kanisani katika kundi moja na Yeroboamu ni kumwonea.

Tena kuna Yohana 10:22. Yesu yuko hekaluni, wakati wa baridi, katika Sikukuu ya Kutabaruku. Sikukuu hiyo ilianza mwaka 164 kabla ya Kristo, Yuda Makabayo kiongozi wa Wayahudi, alipolitakasa hekalu lililonajisiwa na mfalme Antioko Epifane. Katika Agano la Kale tulilokuwa tukilitumia, lenye vitabu 39, huwezi kupata amri yake. Bwana alikuwa pale akitembea katika ukumbi wa Sulemani, na Yohana haandiki kwamba aliikemea.

"Lakini Yesu alikemea mapokeo!" Ndiyo, alikemea, katika Marko 7, na wazee walinisomea sura hiyo pia. Waliishia aya ya 8. Ukiendelea mpaka aya ya 13 utaona mapokeo gani yaliyomkasirisha: watu walitangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, kisha wakazuiwa kuwasaidia baba na mama zao. Ndugu zangu, nilishitakiwa kwa kumpeleka mama mgonjwa kanisani, na sura iliyotumika kunishitaki inawatetea wazazi! Nilipoirudia mbele yao mpaka mwisho, kikao kilikaa kimya, kisha mwenyekiti akasema tufunge kwa sala. Sikutubu, kwa sababu hakukuwa na la kutubia. Niliondoka kwa amani.

Sasa niseme na wenzangu tunaoadhimisha, maana nasi tuna la kusikia. Tarehe 25 Desemba hatukuipata kwa mitume. Ushahidi wa kwanza ulio wazi ni kalenda ya Kirumi iliyokusanywa mwaka 354, yenye orodha inayorudi hadi 336. Kanisa la Armenia huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 6 Januari. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba asiyeshika tarehe yako hampendi Yesu. Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba anahofu huenda amejitaabisha bure kwa ajili yao, kwa jinsi walivyoshika siku na miezi kama njia ya kukubalika kwa Mungu.

Na wanaokataza wasikie pia. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi mwaka 1647. Koloni la Massachusetts huko Amerika liliweka faini ya shilingi 5 mwaka 1659 kwa atakayeiadhimisha, likaja kuifuta 1681. Walitaka kuondoa kisichoandikwa, wakatunga amri ambayo nayo haikuandikwa.

Warumi 14:5 inasema kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Ushauri wangu ni huo. Jipime: ukiikosa siku hiyo, unaona umepungukiwa mbele za Mungu? Basi imekufunga. Ukimwona mwenzako akiishika, moyo unakuchemka? Nalo limekufunga. Katika Zekaria 7 watu waliuliza kuhusu saumu walizojiwekea wenyewe kwa miaka 70, na Mungu akawauliza kama kweli walimfungia yeye. Jiulize swali hilo. Binti yangu, dhamiri yako ikikuruhusu, nenda na wazazi wako, lakini mwambie mchungaji wako kabla hujaenda, kwa heshima. Dhamiri ikikataa, usiende, na waeleze wazazi bila kuwaita waabudu sanamu.

Leo mimi ni mzee wa kanisa. Tunao washirika wasioadhimisha Krismasi, na wanafundisha watoto wetu. Kuvumiliana hivyo si jambo geni: karibu mwaka 155 Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kwa askofu Aniketo. Hawakukubaliana kuhusu siku ya Pasaka, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Aniketo alimpa Polikarpo nafasi ya kuongoza Ekaristi kanisani kwake, wakaagana kwa amani. Kama miaka 35 baadaye askofu Vikta wa Roma alitaka kuyatenga makanisa ya Asia (Uturuki ya leo) kwa suala hilohilo, na Irenio, askofu wa Lyon, akamwandikia kumkemea, akimkumbusha Aniketo. Wazee wenzangu, kama kwenu kuna mtu aliyesimamishwa kwa jambo hili, liwekeni kwenye ajenda ya kikao kijacho, mumrudishie huduma yake, na mumwombe radhi mbele ya watu walewale waliosikia akisimamishwa.