Soko kwanza, mkopo baadaye

Umeuliza serikali ifanye nini zaidi ya kugawa mikopo ya vijana. Iwanunulie bidhaa, na ilipe kwa wakati. Kenya ina mpango huo tangu 2013, AGPO: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali hutengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Kuingia si kazi kubwa. Sajili biashara, pata PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) na cheti cha utiifu wa kodi, kisha omba cheti cha AGPO kutoka Hazina ya Taifa. Kampuni lazima imilikiwe na kundi husika kwa angalau asilimia 70, na viongozi wote watoke humo. Dhamana ya zabuni ya benki huitoi, unajaza fomu ya tamko tu. Hiyo peke yake imefungulia wengi mlango.

Mambo huharibika baada ya LPO, yaani hati ya ofisi ya serikali ya kuagiza bidhaa kwako. Unakopa, unapeleka madawati, unatiwa saini ya kupokea, halafu malipo yanakaa miezi huku riba inapanda. Kwa hiyo kabla ya kuchukua mzigo, omba ofisi inayonunua ithibitishe LPO na iandike kwamba malipo yatapitia akaunti yako kwa mkopeshaji. Kanuni zinaruhusu, ila wachache huiomba. Na anza na zabuni ndogo ambayo ikichelewa haikuui.

Kuna pia wakubwa wanaotumia vyeti vya vijana kama kivuli. Hapo ukaguzi umelegea, tusidanganyane.