Kwa Nini Nguo Haitakati Bila Kufikichwa: Majibu kwa Wasomaji

Nikiloweka nguo usiku kucha katika maji ya sabuni, kuna haja gani ya kuzifikicha asubuhi?

Haja ipo, tena kubwa. Sabuni hulegeza mafuta na kuzizingira chembe za uchafu, lakini nguo ikitulia ndani ya beseni, maji yaliyogusana na nyuzi nayo hutulia, yakabaki pale pale na uchafu wake. Unapoifikicha, kitambaa hujikunja na kujikunjua, maji machafu yaliyo kati ya nyuzi yakasukumwa nje na maji yenye sabuni yakaingia mahali pake. Tazama kola ya kanzu nyeupe: ikilowekwa tu, ule mstari wa jasho na mafuta ya shingo hufifia bila kutoka, ipake sabuni ya mche, uisugue kitambaa kwa kitambaa, na utaona povu likigeuka kijivu mikononi mwako. Udongo laini wa mfinyanzi, ambao chembe zake hung'ang'ania nyuzi, huhitaji msukosuko huo zaidi. Herbert Sinner, mtaalamu wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani, alionyesha mwaka 1959 kwamba ufuaji husimama juu ya mambo manne, yaani kemikali, joto, muda na msukosuko, na kwamba ukipunguza moja huna budi kuongeza mengine. Anayefua kwa maji baridi, kama wengi wetu, basi asiuonee huruma mkono wake.

Mashine yangu yenye mlango wa mbele ikijaa, nguo hutoka na madoa. Je, niongeze sabuni?

Usiongeze, punguza nguo. Pipa linapozunguka huzinyanyua nguo na kuziangusha majini, na anguko hilo ndilo linalofua. Likishindiliwa, nguo huzunguka pamoja bila kuanguka. Acha nafasi ya kiganja juu ya nguo. Sabuni ikizidi, povu hulipokea anguko kama godoro.

Je, kupiga nguo kwenye jiwe kunasaidia?

Uchafu hutoka, lakini nyuzi hukatika na vifungo huvunjika. Kufikicha kwa upole mara nyingi ni bora kuliko kupiga kwa nguvu mara chache.

Na sweta la sufu?

Hilo lisifikichwe kabisa. Unyoya wa kondoo una magamba madogo ambayo, yakisuguliwa katika maji ya moto, hushikamana na kulifanya sweta lisinyae lisirudi tena. Libonyeze polepole katika maji ya uvuguvugu, kisha ulianike likiwa limelazwa.